Mtaalamu wa Urusi Alikula Firigisi

Swali niliulizwa jikoni kwa dada yangu, Bungoma, akiwa ameshika mwiko, na lilikuwa fupi kuliko sentensi yoyote niliyowahi kuiandika kazini.

"Aende ama asiende?"

Aliyetaka kwenda ni mwanawe wa kwanza, mpwa wangu, fundi wa kuchomelea vyuma, mtu mzima mwenye mke na watoto wawili. Alikotaka kwenda ni Urusi. Na mimi, kwa bahati ambayo hadi leo inanichemsha damu, ndiye mtu wa Urusi katika ukoo wetu. Ninafundisha historia na siasa za kimataifa katika chuo kimoja mjini Kitale, na shahada yangu ya uzamifu inahusu siasa za Urusi tangu Muungano wa Kisovieti uvunjike: jinsi magavana wa mikoa wanavyovutana na mji mkuu, nani anampa nani nini, na kwa nini. Ujana wangu wote umeishia humo. Kwa miaka hiyo yote hakuna mtu wa nyumbani aliyewahi kuniuliza chochote kuhusu kazi hiyo, isipokuwa shemeji mmoja aliyetaka kujua kama huko kwao muhindi unamea. Nikamwambia unamea kusini. Akaridhika, tukaendelea na mambo mengine.

Dada yangu hakuwa wa kuridhishwa hivyo. Nilipomwambia kwamba jambo lenyewe si rahisi, aligeuza ugali kwa nguvu kuliko ulivyohitaji kugeuzwa.

"Basi kaa na hiyo maneno yako mpaka Jumapili," akasema. "Familia itakaa, wewe utatuambia. Si ndio ulisomea?"

Ndio nilisomea. Na hapo ndipo hasira zangu zinapoanzia.

Niseme kidogo juu ya vitabu nilivyosomea, maana vimejaza kabati mbili ofisini kwangu na kitanda cha wageni nyumbani. Karibu vyote ni vya Kiingereza. Vimeandikwa na watu wanaoishi Uingereza na Amerika, wanaokwenda Urusi, wanarudi, kisha wanabishana. Vile nilivyovisoma mwanzo vilisema nchi ile imeshika njia ya demokrasia, inajikwaa tu hapa na pale. Vilivyofuata vikaeleza kwa nini waliosema hivyo walikuwa wajinga. Kisha kukaja msimu wa kutafuta jina la utawala ule: huyu anauita hivi, yule anaongeza kivumishi, wa tatu anaandika kitabu kizima kuwaambia wawili wa kwanza kwamba kivumishi hicho hakifai. Nimefundisha ubishi huo miaka nenda miaka rudi, nikausahihishia mitihani. Baadaye macho yote yakaelekea kwa yule bwana wa juu kabisa: utoto wake, marafiki zake, walimu wake, anawaza nini akiwa peke yake. Vita vilipokuja, wale waliosema haviwezi kuja waliandika vitabu vipya kueleza kwa nini ilikuwa lazima vije. Wamo waliokuwa makini, sitawakosea haki, na wawili watatu kati yao ninawaheshimu sana. Lakini kwa wingi wao, sijaona aliyeanza sura ya kwanza kwa kusema: nilikosea, niwieni radhi.

Na sisi je? Sisi tuko sura ya mwisho. Afrika huingia pale karibu na faharasa, uwanja ambao wakubwa wanachezea mpira wao. Niliwahi kupeleka makala yangu kuhusu magavana kwenye jarida moja la ng'ambo. Msomaji wao asiyejulikana akajibu kwa adabu nyingi kwamba kazi ni nzuri, ila mwandishi, kwa kuzingatia mahali alipo, angefikiria kuandika juu ya Urusi barani Afrika. Nilisoma maneno yale nikiwa nimesimama dirishani, malori ya mahindi yamepanga foleni barabarani mpaka kwenye kona, nikatukana kwa lugha ya mama. Mtu yuko Uingereza anaandika juu ya Siberia, na hakuna anayemwambia aandike juu ya mvua ya kwao. Mimi kwa kuwa niko Kitale, basi niandike juu ya Kitale.

Vitabu vyenyewe bei yake haisemeki, kwa hiyo mimi huchapisha sura moja moja katika duka la vifaa vya ofisi la familia moja ya Kihindi ambayo imekuwa mjini tangu enzi za babu zao. Mwenye duka ni mzee mcheshi. Kila nikimpelekea kazi hutazama picha ya jaladani, ambayo mara nyingi ni ya yule yule bwana, anatikisa kichwa.

"Mwalimu, huyu bado hajatoka tu?"

"Bado."

"Basi wewe utaleta biashara sana."

Kuna jambo jingine ambalo dada yangu hakulijua, wala mtu yeyote wa nyumbani. Sijui Kirusi. Nilipokwenda kusoma Uingereza, ufadhili ulikuwa wa muda mfupi, na msimamizi wangu, mzee mpole wa Kiingereza aliyevaa sweta moja mwaka mzima, aliniambia lugha ile ingemeza mwaka mzima wa kazi. Mambo ya maana, alisema, yako katika Kiingereza tayari. Nikajifunza herufi, basi, kiasi cha kusoma majina ya miji kwenye ramani. Mzee yule alinifundisha pia kutosema kitu moja kwa moja. Kila nilipoandika sentensi iliyonyooka, kalamu yake nyekundu iliuliza pembeni: una uhakika? Mwishowe nikajua la kufanya. Nikaandika "huenda". Nikaandika "kwa kiasi fulani", na "inaweza kusemwa kwamba", na "kwa upande mwingine". Kalamu nyekundu ikanyamaza. Nikafaulu, nikarudi Kenya nikiwa bingwa wa huenda.

Sasa nieleze kwa nini familia ilinihitaji mimi na si mtu mwingine. Kwetu Bungoma mjomba, ndugu wa mama, tunamwita khocha, na khocha si mtu wa kualikwa kwa heshima tu. Mwana wa dada yake haendi jandoni bila neno lake, na hata sasa, watu wakiwa na pasipoti, familia kama yetu haimruhusu mtu kuanza safari kubwa kabla khocha hajasema. Ndugu zangu wa kiume wote wametangulia. Nimebaki mimi peke yangu. Kwa hiyo niliitwa mara mbili kwa wakati mmoja, kama khocha na kama mtaalamu, na sikuona ubaya wowote katika kuitwa mara mbili. Nilidhani vitu hivyo viwili vingesaidiana.

Wiki ile nilirudi Kitale nikaanza kutafuta. Nilichotaka ni sentensi moja tu, kutoka kwa mtu anayejua, ambayo ningeibeba mpaka Bungoma niiweke mezani. Nilipekua faharasa moja baada ya nyingine. Chini ya neno wahamiaji nilikuta utafiti mzuri kuhusu vijana wa nchi jirani za Asia wanaokwenda Urusi kujenga majumba. Lakini hao wanajua Kirusi tangu shule, wana binamu kila mtaa, na polisi wakiwasumbua wanajua wampigie nani simu. Kuhusu fundi wa Bungoma hapakuwa na neno. Magavana walikuwepo, mabwanyenye wa mafuta walikuwepo, majenerali walikuwepo. Mwananchi wa kawaida alitokea kama asilimia, mara anaunga mkono, mara haungi. Nilifunga kitabu kimoja kwa kishindo mpaka mwenzangu wa ofisi ya pili akauliza kama kuna nyoka.

Redioni tulikuwa tumekwisha kusikia habari za vijana wa nchi mbalimbali waliokwenda huko kwa kazi za kawaida wakajikuta wamevishwa magwanda karibu na vita. Vitabu havikuwa na habari hizo kwa sababu vitabu huja miaka mitatu minne baada ya mambo. Mimi tangu siku ile jikoni nilijua jibu langu. Asiende. Nililijua tumboni, nikaliogopa, na nililala nalo kila siku. Lakini tumbo halina tanbihi, na mimi nilikuwa nimefunzwa kwamba neno lisilo na tanbihi halisemwi mbele za watu.

Jumapili ikafika. Baada ya kanisa tulikaa sebuleni kwa dada yangu, vitambaa vya kufuma vimetandazwa juu ya kila kiti. Tulikuwa wachache: dada, mpwa wangu ndani ya shati lililopigwa pasi, mke wake kwenye stuli karibu na mlango wa jikoni, na baba mdogo wake mmoja, ndugu wa marehemu shemeji yangu, mume wa dada. Shemeji alikuwa mtu wa kiwanda cha karatasi kule Webuye, wakati kiwanda kilikuwa kikilisha mji mzima. Mshahara ule ndio uliojenga sebule tuliyokalia. Mpwa wangu alikulia katika nyumba ya mtu mwenye king'ora cha asubuhi na likizo ya kila mwaka, na nadhani hakuwahi kuacha kuitafuta nyumba hiyo tena. Kibanda chake cha kuchomelea kiko nyuma ya soko. Anatengeneza milango, madirisha, viti vya bodaboda. Stima hupotea mchana kutwa, na wateja hupotea baada ya stima.

"Anko, ni welding tu," alianza, akinitazama mimi peke yangu. "Ile tu mimi nafanya hapa. Huko ni kiwanda, na stima haipotei."

"Umeongea na nani?"

"Agent. Ako Nairobi. Ni mtu poa, bana. Tiketi ni yao, pa kulala ni yao."

"Na mkataba?"

"Hiyo nitapewa nikifika. Ati lazima iandikwe kwa lugha yao."

Hapo ndipo ningesema. Neno lilikuwa moja, na mlango ulikuwa wazi kabisa. Badala yake nilikohoa, nikaweka kikombe chini, nikaanza mhadhara.

Nilianza na kuvunjika kwa Muungano. Sijui kwa nini. Nadhani nilitaka waelewe kutoka kwenye mzizi. Nikasema juu ya upungufu wa watu wa kufanya kazi, ambao ni wa kweli, na viwanda ambavyo kwa hakika vinahitaji mafundi. Nikasema, kwa upande mwingine, nchi iliyo vitani ina njaa ya watu wa aina nyingine. Nikasema magavana huenda wanapewa idadi ya watu wa kutafuta, ingawa wataalamu hawakubaliani juu ya jinsi idadi hizo zinavyopangwa. Nikasema juu ya utafiti wa wale vijana wa Asia. Nikasema huenda. Nikasema kwa kiasi fulani. Nilikuwa ninawaambia asiende, Mungu ni shahidi wangu, kila aya ilikuwa inaelekea huko. Baba mdogo alikuwa akiitikia kwa kichwa. Dada yangu alikuwa ameinamisha uso. Nikawaza: wananielewa, wameogopa, vizuri.

Katikati ya hayo chakula kilikuwa kimeletwa. Kuku, ugali, mboga za kienyeji. Mke wa mpwa wangu alinawisha mikono ya kila mtu kwa birika, akaanza na mimi, na juu ya sahani yangu palikuwa na firigisi, kama inavyopaswa kuwa mgeni akiwa khocha. Nilikuwa ninaeleza uhusiano wa mikoa na serikali kuu. Mkono ukaichukua firigisi, mdomo ukaitafuna, nikameza, nikaendelea na uhusiano wa mikoa na serikali kuu. Hata sikumbuki ladha yake.

Nilimaliza hivi: "Kwa hivyo ni jambo la kuangaliwa kwa makini sana."

"Asante, khocha," baba mdogo akasema. "Umeongea."

Dada yangu akapangusa macho. Mpwa wangu akaja akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Nilimhurumia. Nilidhani ninatazama mtu aliyenyimwa. Nikarudi Kitale jioni ile nikiwa nimechoka lakini nimeridhika kwamba kwa mara ya kwanza maishani elimu yangu imemfaa mtu wa damu yangu.

Haukupita muda mrefu dada akapiga simu. Nilikuwa ninatoka darasani, chaki bado mkononi.

"Ameshafika," akasema, sauti imejaa furaha.

"Nani? Wapi?"

"Si mtoto! Amefika huko Urusi kwako. Ati baridi si mchezo."

Huko Urusi kwangu. Nilikaa juu ya ngazi za darasa, wanafunzi wakinipita. Nilimuuliza nani alimruhusu. Akacheka kwanza, akidhani ninatania. Halafu akasema, "Wewe."

Jumamosi niliteremka Bungoma nikiwa nimefura. Sikumsalimu mtu. Nilimkuta dada yangu ameketi nje anachambua mboga, na mkamwana wake kando yake akimsaidia, na nikasimama mbele yao nikiuliza ni lini, saa ngapi, kwa maneno gani nilisema yule kijana aende Urusi.

"Na ulisema lini asiende?" dada akajibu bila kuinua macho.

"Nilisema kuna vita! Nilisema kuna magavana wanatafuta watu!"

"Ulisema huenda. Mimi nilikuwa pale. Ulisema kuna hii, halafu kuna ile. Ukasema viwanda vinataka mafundi, ni kweli. Ukaongea mpaka chai ikapoa. Mtu akikataa anaongea hivyo?"

"Nilikuwa naeleza!"

"Na ukakula."

Sikuelewa mara moja. Akaiacha ile mboga, akanitazama sasa kwa macho ya dada mkubwa, yale ambayo hata ukiwa na shahada ngapi hayabadiliki.

"Khocha wetu alikataa harusi yangu ya kwanza, ile haikufanyika. Umesahau? Walimwekea kuku. Akasukuma sahani, akasema ameshiba, na hajaonja kitu. Hakuna mtu aliuliza ingine. Wageni walichukua kofia zao wakaenda. Wewe umewekewa firigisi, umekula yote, umelamba kidole. Tulifikiria nini? Tuseme khocha amekula lakini moyo wake umekataa?"

Sikuwa nimesahau. Nilikuwepo siku ile, mtoto mdogo mlangoni, nikiitazama ile sahani iliyosukumwa nikitamani nyama iliyokuwa juu yake. Ninaijua desturi yetu vizuri kuliko ninavyomjua gavana yeyote. Ila siku ile mbele ya mpwa wangu sikukaa kama khocha. Nilikaa kama watu wa vitabuni, ambao wanaweza kula na kusema huenda na kurudi nyumbani kwao, na asubuhi hakuna aliyesafiri kwa sababu yao.

Nilikuwa tayari kubishana zaidi. Nilikuwa na hoja. Ndipo mke wa mpwa wangu akasema, sauti ya chini, mikono yake bado ndani ya mboga:

"Mimi nilikuwa naomba useme hapana, khocha. Mimi kama bibi yake singeweza. Nilikuwa tu nangojea hiyo neno moja kutoka kwako. Nilisimama hapo kwa mlango na birika mpaka maji ikaisha."

Dada aliingia jikoni, akanitolea chai, tukanywa. Kuku wake walikuwa wakizunguka miguuni mwetu wakiokota majani.

Barabarani nikirudi Kitale niliwakasirikia wote. Nilimkasirikia dada yangu kwa kusikiliza sahani badala ya kunisikiliza mimi. Nilimkasirikia mzee wa sweta na kalamu yake. Niliwakasirikia wale wataalamu, wa kivumishi na wasio na kivumishi, ambao wametumia lugha yenye maneno mengi kuliko yetu kuandika juu ya nchi hiyo bila kuniachia sentensi moja ya kumwambia fundi. Hasira hiyo iliniuma kwa sababu sehemu kubwa yake ilikuwa ya haki, na haikumsaidia mtu yeyote.

Mwanzoni kijana alituma picha. Theluji, yeye akiwa na kofia ya manyoya aliyoazima, bweni lenye vitanda vya chuma, chuma ambacho alisema kimechomelewa vibaya. "Anko, hawa watu wananihitaji kweli," aliandika, na nikacheka peke yangu ofisini, nikaanza hata kutumaini. Kiwanda kilikuwa hakijafunguliwa, alisema. Wanangojea. Walikuwa wengi bwenini, wa kutoka kila mahali. Nilimwuliza mji gani, akaniandikia jina, na mimi, mjinga wa kusoma, nikafurahi: niliujua mkoa ule. Nilikuwa na sura nzima juu yake. Ningeweza kumwambia kila gavana aliyewahi kuukalia, na yupi alikosana na mji mkuu kwa sababu gani. Sikumwandikia hayo. Angalau hilo nilikuwa nimejifunza. Nilimwambia tu ajifunike na asiache simu mbali. Neno lenyewe bado sikulisema. Alikuwa ameshafika, nilijiambia, na kumtisha mtu aliyeko mbali kuna faida gani?

Kisha, alasiri moja, nikiwa ninasahihisha insha, simu ililia. Ulikuwa ujumbe wa sauti, na chini yake maandishi: "Khocha, huyu mzee anasema nini? Tafsiri chap chap, wanangoja."

Nikabonyeza. Sauti ya mwanamume, ya makamo, yenye upole. Haikuwa ya kutisha hata kidogo. Alizungumza kama karani mwenye subira anayemwelekeza mtu asiyejua ofisi. Nyuma yake mtu alikuwa akikoroga kikombe, na karatasi zilikuwa zikifunuliwa. Nilisikiliza mara ya pili. Nikasikiliza tena nikiwa nimeweka simu sikioni, macho nimefumba. Nyuma yangu zilisimama kabati mbili za vitabu juu ya nchi ya mtu huyu, na sikuelewa hata neno moja kati ya aliyosema. Mpwa wangu, aliyeamini kwamba mjomba wake anaijua Urusi, alikuwa amesimama mbele ya meza yake akingoja mjomba aseme.

Nikaiambia simu iitafsiri ile sauti. Simu yangu, ambayo haijawahi kusoma kitabu hata kimoja, ilifikiri kidogo, kisha ikaandika: "Hapa, tafadhali. Na hapa. Na hapa chini."

Basi. Hapa, na hapa, na hapa chini. Haikusema ni karatasi ya kiwanda au ya magwanda. Inaweza kusemwa kwamba ilikuwa ya kiwanda. Huenda ilikuwa. Kwa upande mwingine. Niliona maneno hayo yote yakinijia kwa mpangilio wake wa kawaida, kila moja na mahali pake, na nikayachukia kama ninavyochukia watu wanaoniambia tulia.

Nikaandika: "Hapana. Usitie sahihi. Mimi khocha wako nasema hapana. Rudi nyumbani."

Tiki zikageuka buluu. Alikuwa amesoma. Nikaona anaandika, akaacha, akaandika tena. Nje lori lilikuwa likirudi kinyumenyume, utingo akipiga ubavu wa gari kwa kiganja na kumwelekeza dereva. Nilikuwa nimesimama, sijui tangu lini.

Jibu likaja.

"Nishasaini khocha. Si wewe ulikula?"